Mpira mwembamba wa CPAP: namba ya skrini na presha inayofika puani

FUNDI WA MAKUPA (mwanzisha uzi)

Salaam wadau. Kuna lalamiko nalisikia sana kwa watu wanaolala na mashine ya CPAP, ile ya kumsukumia hewa mtu anayekatika pumzi usingizini, hapa Mombasa. Mtu anaitumia mashine yake vizuri, kisha anabadilisha mpira unaopeleka hewa kutoka mashine hadi maski, anaweka ule mwembamba kwa sababu ni mwepesi na haumsumbui akijigeuza. Baada ya hapo anasema hewa haimtoshi, au mke wake anamwambia mkoromo umerudi. Lawama zinaanza: maski mbovu, mashine imechoka, stima ya Kisauni haina nguvu. Mpira wenyewe hautajwi kabisa.

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza vifaa vya hospitali. Si daktari, kwa hivyo presha gani inakufaa, hilo ni la aliyekupima. Hapa nazungumzia mpira tu.

Kwa wageni wa mambo haya: mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini akilala, nyama za koo zinalegea na njia inajifunga. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka mwilini, ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena. Ikitokea mara 5 hadi 15 kwa saa huhesabiwa hali ndogo, 15 hadi 30 ya wastani, ikizidi 30 ni kali. CPAP haimpi mtu oksijeni, ingawa wengi wanadhani hivyo. Inachukua hewa hii hii ya chumbani na kuisukuma kwa presha ili koo lisijifunge. Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, ndio waliotangaza njia hii mwaka 1981.

Presha hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Mashine nyingi za nyumbani hutoa 4 hadi 20. Mtu akiambiwa 10 huona ni kubwa, kumbe ni kama asilimia 1 tu ya presha ya hewa ya kawaida tunayoishi ndani yake. Ni kitu chembamba sana. Ndiyo maana kupoteza sentimita 1 au 2 njiani si mzaha.

Sasa mpira. Ule wa kawaida una kipenyo cha ndani cha milimita 19 hivi. Mwembamba una 15. Siku hizi kuna hata wa 12. Tatizo linaanzia hapa: ncha za mipira hii kwa kawaida zimetengenezwa kwa kipimo kimoja cha milimita 22, ili ziingie kwenye mashine na maski za kila aina. Kwa hivyo ukiuchomeka unaingia sawasawa, hakuna kinachokuonya kwamba umebadilisha kitu. Ukienda kununua, usitazame ncha. Uliza kipenyo cha ndani.

Milimita 4 zinaonekana si kitu. Lakini mnamo miaka ya 1839 na 1840, Hagen, mhandisi wa Ujerumani, na Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu, kila mmoja kivyake alionyesha kwamba kitu kikipita kwa utulivu ndani ya bomba, ukinzani unategemea kipenyo kwa kipeo cha nne. Chukua 19 ugawe kwa 15, jibu ulizidishe lenyewe mara nne: unapata 2.6. Yaani mpira mwembamba unakataa hewa mara 2.6 kuliko ule mnene. Na hiyo ni hewa iliyotulia. Ndani ya mpira wa CPAP hewa haitulii, inavurugika na kugonga kuta, na hapo kipeo kinasogea kuelekea cha tano. Basi sema mara 3 na zaidi.

Niliketi nikapiga hesabu ya mpira wenye kuta laini, urefu mita 1.8, hewa ikipita lita 60 kwa dakika. Wa milimita 19 unapoteza kama sentimita 0.3 za maji. Wa 15 unapoteza 0.8 hadi 0.9. Wa 12 unapita 2. Mpira wenye mikunjo ndani unapoteza zaidi ya hapo.

Mtu atauliza lita 60 nimezitoa wapi, na mgonjwa amelala tu. Maski ina vitundu vidogo vya makusudi vya kutoa hewa chafu uliyopumua. Kwenye presha ya 10, vitundu hivyo peke yake hutoa lita 30 na kitu kwa dakika, kutegemea maski. Ongeza pumzi ya mtu pale anapovuta kwa nguvu zaidi, lita nyingine 30 hivi kwa kasi ya wakati ule. Zote zinapita kwenye mpira mmoja.

Uliza unachotaka, nitajibu nikitoka kazini.

MAMA TUDOR

Ahsante fundi kwa somo. Mume wangu ana mashine aliyoletewa na shemeji kutoka Uingereza, ilikuja na mpira mwembamba. Skrini inaandika 11 usiku kucha, haibadiliki. Je, ndiyo anayoipata au anapata 10? Maana kukoroma hakujaisha, kumepungua tu.

FUNDI WA MAKUPA

Mama, swali lako ndilo kiini cha uzi huu.

Mashine kwa kawaida inapima presha pale hewa inapotokea, kwenye mlango wake yenyewe. Haina macho kwenye pua ya mzee. Inachofanya ni kupima hewa inayopita, kisha inakadiria kiasi gani kitapotea kwenye mpira, halafu inaongeza kiasi hicho kwenye feni. Ili ikadirie vizuri lazima ijue imefungwa mpira gani. Kwa hivyo mashine nyingi za kisasa zina setingi ya aina ya mpira: wa kawaida, mwembamba, au wenye joto. Ule wenye waya wa kupasha joto mara nyingi mashine inautambua yenyewe ukiuchomeka. Mipira isiyo na waya haitambuliwi, unaambia wewe.

Ikiwa mashine ya mzee imeambiwa ina mpira mwembamba, basi 11 ni 11, au karibu sana. Ikiwa bado inadhani ina mpira wa kawaida, kila anapovuta pumzi presha ya kwenye maski inashuka chini ya 11, na skrini itaendelea kuandika 11 bila wasiwasi wowote. Kwa mpira wa 15 pengo si kubwa sana, labda nusu sentimita hivi pumzi ikiwa juu. Kwa wa 12 ni kubwa. Angalia pia kama shemeji aliiweka 11 kwa cheti cha nani. Mashine ya mtu mwingine huja na presha ya mtu mwingine.

KIJANA WA NYALI

Fundi, kwa heshima, hapo sikubali. Ukibana mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole maji yanaruka mbali zaidi. Nafasi ikiwa ndogo presha inapanda. Kwa nini hewa iwe kinyume? Mimi natumia mwembamba na naisikia hewa ikinipiga puani kwa nguvu kuliko zamani.

FUNDI WA MAKUPA

Nimefurahi umeuliza, maana wengi wanafikiri hivyo kimya kimya.

Kinachoongezeka kwenye ncha uliyoibana ni kasi. Presha iliyoongezeka iko nyuma ya kidole chako, ndani ya mpira, kwa sababu umezuia maji yasitoke. Mbele ya kidole maji yanakwenda mbio lakini ni machache. Weka ndoo, ijaze mara moja bila kubana na mara moja ukiwa umebana, utaona ipi inachelewa.

Hewa ni hivyo hivyo. Kiasi kile kile kikipita kwenye milimita 15 badala ya 19, kasi inapanda mara 1.6. Hiyo ndiyo unayoisikia puani, na ndiyo inayoleta mvumo ule wa "shhh" ambao mipira myembamba inao. Kasi hailishikilii koo likae wazi. Kinacholishikilia ni presha inayosimama ndani ya maski, na hiyo ndiyo inayopungua njiani.

KIJANA WA NYALI

Haya, nimeelewa. Lakini yangu ni ile inayojipandisha yenyewe, ya oto. Si italipia pengo hilo?

FUNDI WA MAKUPA

Kwa kiasi. Mashine ya oto inasikiliza mkoromo, pumzi zilizobanwa na pumzi zilizokatika, kisha inapanda. Ikiwa mpira unakula sentimita 1 bila mashine kujua, itajikuta inapanda zaidi kidogo hadi koo litulie. Lakini inapanda baada ya tatizo kuanza kuonekana, si kabla. Pia ina dari aliyoiweka daktari. Mtu ambaye dari yake ni 12 na anaihitaji yote hana pa kupandia. Na yule wa presha isiyobadilika, kama mzee wa Mama Tudor, hana msaada huo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo namba haisemi. Hasara ya mpira haikai sawa, inafuata pumzi. Ukivuta, hewa nyingi inapita, hasara inapanda, presha kwenye maski inashuka. Ukitoa, hewa kwenye mpira inapungua, hasara inatoweka, presha inarudi juu. Kwa hivyo ukitumia mpira mwembamba kwenye mashine isiyojua, unahisi kunyimwa unapovuta na kusukumwa unapotoa. Watu hulieleza vizuri sana bila kujua fizikia yoyote: "kama mtu ananigombania pumzi yangu". Ukisikia mgonjwa anasema hivyo, tazama setingi ya mpira kabla hujagusa presha.

DEREVA WA TRELA

Shikamooni. Mimi nalala kwenye kabini, Mariakani, Mtito, popote foleni itakaponikuta. Daktari aliniambia nisipotumia mashine nisishike usukani, na kusema kweli kabla ya mashine nilikuwa nasinzia mchana kweupe. Mashine naiweka chini karibu na kiti cha turnboy, mpira haunifikii vizuri kitandani juu. Nataka wa mita 3, au niunganishe miwili. Na ule mnene unanivuta maski. Mnashauri nini?

FUNDI WA MAKUPA

Marahaba, na pole na barabara.

Urefu ni mwepesi kuliko unene. Hasara inakua sambamba na urefu: mita 3 badala ya 1.8 ni mara 1.7 hivi, basi. Kwa mpira wa milimita 19 hiyo ni kutoka 0.3 kwenda 0.5. Mpira mnene wa mita 3 bado unapoteza kidogo kuliko mwembamba wa mita 1.8. Ukitaka urefu, chukua mnene mrefu. Mwembamba mrefu ndio mchanganyiko nisioupenda, maana mashine nyingi zinakadiria mpira wa mita 2 hivi, na hiyo mita ya ziada haimo kwenye hesabu yao.

Kuunganisha miwili usifanye, ila kama ni kiungio kinachouzwa na wenye mashine. Kiungio cha kubahatisha kinavuja, tena kinaachia ukiwa usingizini. Na ukikaza kwa tepu, kesho utashindwa kuosha.

Kuhusu kuvuta maski, hapo mpira mwembamba una haki yake, sitaudharau. Maski ikivutwa inafungua ukingo, na hewa inayovuja shavuni inaweza kukunyima presha kuliko mpira wenyewe unavyokunyima. Nimeona watu ambao mpira mwembamba uliwaponya kwa sababu hiyo tu: maski ilitulia. Kwa hivyo mwenye mashine inayokubali setingi ya mpira mwembamba, presha yake ikiwa ya kawaida, autumie kwa amani. Anayetakiwa kuogopa ni mwenye mashine ya zamani isiyo na setingi hiyo, au mwenye presha inayokaribia 20, au aliye na mashine ya presha mbili, moja ya kuvuta pumzi na moja ya kutoa, inayopanda 25. Ongeza hapo kichujio cha bakteria kwenye mlango wa hewa, ambacho nacho kina ukinzani wake, na unakuta vizuizi viwili vimepangana.

Wewe wa kabini: funga kamba au kulabu juu ya kitanda, mpira mnene upite hapo, ubebwe na kulabu badala ya uso wako. Ukitumia betri ya gari, zima joto la maji na la mpira, vinakula umeme kuliko feni.

MTU WA HARDWARE

Wadau, hapa Mwembe Tayari tuna paipu za plastiki za kila kipimo, zile za mashine za kufulia na za kutoa maji ya AC, zenye mikunjo. Nina jirani anatumia moja, anasema haina shida na ni bei ya chini. Kuna ubaya gani?

FUNDI WA MAKUPA

Mpe jirani salamu na umwambie aitoe leo.

Kwanza, plastiki ile haikutengenezwa mtu aivute usiku kucha ikiwa na hewa vuguvugu. Pili, ile mikunjo iko ndani pia, na ukinzani wake hakuna aliyeupima, si mimi wala mashine. Tatu, ncha hazishiki. Na la nne ndilo la hatari: vitundu vya maski vinatoa hewa chafu kwa sababu presha ndani ya maski inaisukuma nje. Presha ikishuka chini ya 4, msukumo huo unakuwa dhaifu, na mtu anaanza kuvuta tena hewa aliyoitoa. Ndiyo sababu mashine nyingi hazishuki chini ya 4. Ukiweka paipu inayovuja au inayobana, unaweza kufika huko huku skrini ikiandika vizuri.

NESI WA LIKONI

Fundi umesahau maji. Huku kwetu unyevu ni mwingi mwaka mzima. Mtu anafungua AC hadi chumba kinakuwa kama Limuru, anapandisha joto la chombo cha maji hadi mwisho, hewa inatoka na mvuke, inapita kwenye mpira baridi, mvuke unageuka maji. Usiku anaamka anasikia mpira unagugumia na pua imejaa maji. Wengine wanadhani mashine imeharibika.

FUNDI WA MAKUPA

Ahsante sana nesi, sikusahau, nilikuwa naja. Na linaungana na unene: maji yakilala kwenye mpira wa 19 yanaacha nafasi ya hewa kupita juu yake. Kwenye wa 12 kiasi hicho hicho kinaziba sehemu kubwa, na presha inaanza kupepesuka. Mashine ya oto inaweza hata kudanganyika na mtikisiko huo.

Dawa yake si ngumu. Hewa ya Mombasa tayari ina unyevu, punguza kipimo cha chombo cha maji, wengine wasiolala na AC hawakihitaji kabisa. Mashine ikae chini kuliko kichwa ili maji yarudi yalikotoka. Valisha mpira kitambaa, au tumia ule wenye waya wa joto. Na maji yawe yaliyosafishwa kwa mvuke, kutoka duka la dawa. Maji ya kisima cha huku, chumvi yake mnaijua nyote kwenye sufuria zenu, msiyapeleke kwenye chombo kile.

MAMA TUDOR

Nimerudi. Nimefungua menyu yote ya mashine ya mzee, sioni mahali pa mpira. Naona joto, maski, na muda wa kupanda presha, basi. Halafu nimegundua jambo: chandarua. Akilala nachomeka chandarua chini ya godoro na mpira unapita hapo hapo, umebanwa.

FUNDI WA MAKUPA

Mama, hilo la chandarua mimi sikuliwaza, na pengine ndilo lenyewe. Mpira uliobanwa nusu ni kama umeweka mpira mwembamba zaidi kwa sentimita kadhaa, na hakuna setingi inayoweza kujua. Upitishe juu, pale chandarua kinapofungukia, ukining'inia kutoka kichwani mwa kitanda.

Kuhusu menyu: mashine nyingine zinamwonyesha mgonjwa setingi ya mpira, nyingine zimeificha kwenye menyu ya daktari. Zipo video mtandaoni za kuifungua menyu hiyo, lakini humo humo ndimo presha inamokaa, na kidole kikiteleza utakuwa umembadilishia mzee matibabu. Ipeleke kwa wataalamu wa usingizi au kliniki ya kifua, waseme mambo matatu: mpira gani umewekwa, presha 11 imetoka wapi, na kumbukumbu za mashine zinaonyesha pumzi zinakatika mara ngapi kwa saa. Kumbukumbu hizo mara nyingi zimo ndani ya kadi ndogo ubavuni. Hadi siku hiyo tumia mpira wa kawaida wa milimita 19, maana huo ndio unaopoteza presha kidogo zaidi. Na kabla ya kuufunga, ziba ncha moja kwa kiganja, puliza nyingine, usikilize. Mipira huchanika pale karibu na ncha, mahali inapokunjwa kila siku.

Tena, kwa vile ni ya kuletewa: soma jina na aina yake chini ya mashine. Juni 2021 Philips iliita mashine zake nyingi zirudishwe, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa ajili ya sponji ya ndani ya kupunguza kelele iliyokuwa ikimomonyoka na kuingia kwenye njia ya hewa. Za namna hiyo bado zinazunguka mikononi mwa watu.

MAMA TUDOR

Si hiyo, nimeangalia. Chandarua nimekihamisha. Kliniki nimepata miadi ya Jumatano. Swali la mwisho, mpira mnene ukining'inia kichwani mwa kitanda unatakiwa kuwa na ulegevu kiasi gani?

FUNDI WA MAKUPA

Alale chali, ajigeuze kulia, ajigeuze kushoto. Maski isisogee upande wowote. Ukibaki mrefu kuliko hapo utashuka, utakunjika chini ya bega na maji yatakusanyika kwenye tumbo la mkunjo.

DEREVA WA TRELA

Fundi, nimeweka kulabu. Turnboy anauliza kama anaweza kuning'inizia soksi hapo.

FUNDI WA MAKUPA

Mwambie atafute msumari wake.